Picha za viwanja vya chekechea: Zinavyofaa kupigwa na mtego uliomo

MZAZI anayemtafutia mwanawe shule ya chekechea au kituo cha kulelea watoto mchana siku hizi huanza na picha. Kabla hajabisha langoni, huwa amekwisha kutazama ukurasa wa Facebook, karatasi ya matangazo aliyopewa penye steji ya matatu, au picha kadhaa zilizosambazwa katika kundi la WhatsApp la mtaa. Na katika picha hizo, jicho lake halikawii darasani. Madarasa mengi hufanana: kuta za rangi, viti vidogo, herufi zilizobandikwa juu ya ubao. Anachotafuta ni uwanja, kwa kuwa huko ndiko mtoto atakakokimbia, atakakoanguka na kuinuka.

Wenye shule wanalijua hilo. Ndiyo maana katika miezi ya Novemba na Disemba, kabla ya muhula wa kwanza kufunguliwa Januari, bembea hupakwa rangi upya na mpiga picha akaitwa. Kazi yenyewe huonekana nyepesi: watoto wanacheza, kamera inabonyezwa, basi.

Lakini picha ya namna hii hubeba mizigo miwili kwa pamoja. Ni ahadi kwa mzazi ambaye bado hajalipa karo, na pia ni sura ya mtoto ambaye mzazi wake alikwisha kulipa. Anayeshughulikia mzigo wa kwanza na kuusahau wa pili anaweza kujuta.

Mnamo Septemba 2023, Afisi ya Kamishna wa Kulinda Data ilitoza shule moja ya eneo la Uthiru, Nairobi, faini ya Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi wao. Kampuni ya mikopo ya simu na mkahawa mmoja wa burudani ziliadhibiwa wakati uo huo kwa makosa yao ya matumizi ya data, lakini shule ndiyo iliyotozwa kiasi kikubwa zaidi. Kwa chekechea ya kawaida mtaani, fedha hizo zinatosha kuifunga milango.

Ili kuelewa jinsi picha inavyoweza kuuza bila kumdhuru mtu, inafaa kuanza na kazi yenyewe, na katika kazi hiyo jambo la kwanza ni jua.

Nairobi iko kusini mwa ikweta kwa digrii moja na ushei tu. Adhuhuri, hasa mwezi wa Machi na Septemba, jua husimama karibu na utosi na kivuli cha mtu kikajikunja chini ya nyayo zake. Picha inayopigwa saa hizo huwa na macho yaliyozama gizani, paji la uso linalong'aa na ardhi iliyofifia rangi. Mpiga picha mzoefu huja kabla ya saa tatu asubuhi, au husubiri hadi baada ya saa kumi na nusu jioni, jua linapoingia kwa ubavu na kuonyesha umbo la kila kitu: mashimo ya mchanga, nyuzi za kamba, hata alama za vidole vya miguu.

Tatizo ni kwamba mitaani jua halifuati kalenda. Katika mitaa kama Pipeline au Umoja, ambako majengo ya ghorofa yamesongamana, uwanja mdogo unaweza kukaa kivulini hadi saa nne, ukapata jua kwa muda mfupi, kisha ukarudi kivulini. Hapo hakuna ujanja ila kuuzuru mahali siku moja kabla na kutazama kivuli kinavyohama ukutani. Mawingu nayo yasidharauliwe. Baridi ya Julai jijini, ambayo wengi huilalamikia, hutoa mwanga laini usio na vivuli vikali, na picha za watoto huwa nzuri kuliko zile za siku ya jua kali.

Pwani mambo ni tofauti. Mchanga mweupe na kuta za chokaa hurudisha mwanga kwa nguvu, na hapo kamera hudanganyika. Kamera haijui inachokitazama. Hupima mwanga wote ulio mbele yake, kisha hujaribu kuuleta katika wastani. Ikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, nayo huupunguza. Matokeo yake ni mchanga wa kijivu na watoto weusi waliogeuka vivuli visivyo na sura.

Dawa yake katika simu ni kugusa kioo penye mtoto au kitu kinachotakiwa kuonekana, kisha kuongeza mwanga kidogo kwa kidole. Ni jambo la sekunde mbili, ila matangazo mengi ya shule yanaonyesha kuwa halifanywi.

La pili ni kimo. Mtoto wa miaka minne ana urefu wa kama mita moja. Picha iliyopigwa na mtu mzima akiwa amesimama huonyesha utosi wa watoto na ardhi nyingi, na bembea huonekana kama kitu kilichotupwa chini. Anayepiga goti hadi macho yake yalingane na ya mtoto huona uwanja mwingine kabisa: mtelezo unakuwa mlima, gurudumu lililopakwa rangi linakuwa lango la kupitia. Mzazi akiiona picha hiyo humwona mwanawe ndani yake, hata kama hakuna mtoto yeyote aliyepigwa.

Kisha kuna ardhi, ambayo wengi hawaitazami. Mzazi makini huangalia kilicho chini ya bembea kabla ya kuiangalia bembea yenyewe. Je, ni saruji? Ni murram iliyoshindiliwa? Ni mchanga? Watoto huumia zaidi kwa kile wanachoangukia. Tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa za matumizi, katika mwongozo wake kuhusu viwanja vya watoto, inashauri mchanga wa kina cha sentimita 23 hivi pale ambapo mtoto anaweza kuanguka kutoka kimo cha mita 1.2. Shule iliyogharamika kuleta lori la mchanga kisha ikapiga picha inayokata sehemu ya chini ya bembea imeuficha ushahidi wake bora.

Mambo mengine huonekana kwenye picha bila mwenye shule kukusudia. Magurudumu makuukuu ya magari yaliyofukiwa nusu ardhini yamekuwa pambo la chekechea nyingi hapa nchini, kwa kuwa ni rahisi kupatikana na watoto huyapenda. Yakipigwa picha siku moja baada ya mvua, huonyesha maji yaliyotuama ndani. Maji hayo ndiyo makao ya mbu aina ya Aedes aegypti, anayeeneza homa ya dengi, maradhi ambayo yamewahi kuzuka Mombasa zaidi ya mara moja. Magurudumu yanaweza kutobolewa matundu chini ili maji yapite. Mtelezo wa bati uliowekwa pasipo na kivuli nao husema mengi: adhuhuri bati hilo huweza kumchoma mtoto mapajani.

Haya hayafichwi kwa kugeuza kamera upande mwingine. Yanarekebishwa kwanza, ndipo kamera iitwe. Kwa kweli faida moja ya shughuli hii isiyotajwa sana ni kwamba humlazimisha mwenye shule kuutazama uwanja wake kwa jicho la mgeni. Msumari uliochomoza, mnyororo ulioliwa na kutu, ua wenye pengo la kumtosha mtoto: picha ikikuzwa kwenye kioo cha kompyuta, vyote hujitokeza.

Suala gumu zaidi ni ukubwa wa uwanja. Chekechea nyingi za mijini zimejengwa kwenye ploti ya futi 50 kwa 100. Madarasa, jikoni na vyoo vikishachukua nafasi yao, kinachosalia kwa mchezo ni ua mdogo. Nyingine hazina ardhi hata kidogo. Watoto huchezea paa la ghorofa au varanda.

Hapo ndipo kishawishi huingia. Simu nyingi za kisasa zina lenzi pana inayovuta vitu vya mbele na kuvisukuma mbali vya nyuma. Ua wa hatua nane hugeuka uwanja wa mpira. Wapo pia wanaochukua picha za viwanja vya Ulaya kwenye intaneti na kuzichapisha langoni, na tangu programu za akili unde zienee, mtu anaweza kuagiza nyasi, miti na bembea zisizowahi kuwepo popote duniani.

Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza kutoa maelezo ya uongo kuhusu huduma inayouzwa, na picha ni maelezo kama yalivyo maneno. Hata hivyo, hukumu huwa imetoka kabla ya mahakama kuhusika. Mzazi aliyevutiwa na uwanja mpana, akafika na kukuta ua wa saruji, haulalamikii ua peke yake. Huanza kujiuliza kuhusu chakula, idadi ya walimu na kila kitu kingine alichoambiwa.

Ua mdogo unaweza kupigwa picha ukapendeza bila uongo. Mwalimu akisimama kando ya bembea, mtazamaji hupata kipimo cha ukubwa. Picha ya karibu ya sanduku la mchanga, vikopo na koleo ndogo huonyesha kuwa nafasi ni chache lakini imefikiriwa. Kivuli cha mwembe mmoja kina thamani kuliko ekari ya nyasi iliyobuniwa kwenye kompyuta.

Nyasi zenyewe zina hadithi yake. Mvua za vuli hufanya viwanja vya Nairobi na maeneo ya kati viwe kijani kibichi mnamo Novemba, wakati ule ule ambapo picha za matangazo hupigwa. Kufikia Februari, jua limekwisha kuvifanya vya hudhurungi na vumbi limetanda. Si uongo kupiga picha ya Novemba, ila shule ambayo huongeza moja ya kiangazi, watoto wakiwa na kofia chini ya turubai la kivuli, humjibu mzazi swali ambalo hajaliuliza bado.

Baada ya hayo yote hubaki swali la watoto wenyewe. Uwanja mtupu huonekana kama mahame, na wenye shule husisitiza kwamba nyuso zenye furaha ndizo zinazouza. Lakini uso wa mtoto si mali ya shule.

Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, na Kifungu cha 53 kinataka maslahi ya mtoto yatangulizwe katika kila jambo linalomhusu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 imeyafafanua zaidi: data ya mtoto, ikiwemo picha inayomtambulisha, haiwezi kutumiwa bila idhini ya mzazi au mlezi, na matumizi hayo sharti yalinde maslahi ya mtoto. Kwa matumizi ya kibiashara, idhini hiyo inafaa kuwa wazi wazi. Faini ya juu ambayo kamishna anaweza kutoza ni Sh5 milioni au asilimia moja ya mapato ya mwaka uliotangulia, kutegemea kiasi kilicho cha chini. Na kanuni za 2021 kuhusu usajili, ambazo huzisamehe biashara nyingi ndogo, hazizisamehi taasisi za elimu kwa sababu ya udogo.

Shule nyingi hudhani zimejikinga kwa sentensi moja katika fomu ya kumsajili mtoto, inayosema kwamba mzazi amekubali picha kupigwa. Idhini inayotambuliwa na sheria ni ile iliyotolewa kwa hiari, kwa jambo mahususi, na mtu aliyeelezwa vyema. Mzazi anastahili kujua picha itatumika wapi: kwenye ubao wa darasani, kwenye Facebook, au kwenye bango la barabarani. Anaweza kukubali la kwanza na kukataa la tatu. Akikataa yote, mtoto wake hapaswi kunyimwa nafasi. Na shule ndiyo inayobeba mzigo wa kuthibitisha kuwa idhini ilitolewa, kwa hivyo kuambiwa kwa mdomo langoni hakutoshi.

Huenda baadhi ya watu wakaona huu ni urasimu wa kuwahangaisha wenye shule. Wafikirie mama aliyeondoka katika ndoa ya kipigo, akahamia mtaa mwingine na kumwandikisha mtoto katika chekechea mpya. Hakumwambia mtu yeyote anakoishi. Wiki mbili baadaye, shule inaweka kwenye mtandao picha ya uwanja. Mtoto yuko kwenye bembea, amevaa sare yenye nembo, nyuma yake ubao wenye jina la shule na nambari ya simu. Anayemtafuta hahitaji mpelelezi.

Watoto walio katika mivutano ya malezi kati ya wazazi, walioasiliwa, au waliokabidhiwa walezi na mahakama wote wamo katika hali hiyo, na mpiga picha hawezi kuwatambua kwa kuwatazama.

Njia iliyo salama, ambayo wapiga picha stadi wameizoea, ni kuonyesha mchezo bila kuonyesha mchezaji. Mikono miwili iliyoshika kamba. Viatu vidogo vilivyopangwa kando ya sanduku la mchanga. Mpira ulio hewani na miguu inayoukimbilia. Mwalimu akiwa ameinama, uso wake ukionekana kwa ruhusa yake, na mtoto akiwa amempa kamera kisogo. Picha hizi hazipungukiwi na uhai, na mara nyingi zina nguvu kuliko safu ya watoto walioamriwa kutabasamu. Kubandika vikaragosi juu ya nyuso baada ya picha kupigwa si suluhu nzuri: huharibu picha na kumfanya mzazi ajiulize kuna nini.

Kisogo nacho kina mipaka yake. Mtoto mwenye jina lililoshonwa mgongoni mwa sweta, au mfuko ulioandikwa jina na darasa, ametambulishwa tayari. Nambari ya gari la shule lililoegeshwa kando pia hutosha kumwonyesha mtu njia ya mtoto ya kila siku.

Yapo na mambo yasiyoonekana kwa macho. Simu ikiwa imeruhusiwa kutambua mahali ilipo, huhifadhi ndani ya faili ya picha vipimo vya mahali hapo pamoja na saa. Mitandao mikubwa kama Facebook huondoa taarifa hizo picha inapochapishwa, na WhatsApp pia huziondoa picha inapotumwa kwa njia ya kawaida. Ikitumwa kama hati, hata hivyo, au ikiwekwa moja kwa moja kwenye tovuti ya shule, taarifa huweza kubaki. Kuzima utambuzi wa mahali katika kamera kabla ya kuanza kazi ni hatua ndogo isiyogharimu chochote.

Makubaliano na mpiga picha yanahitaji kuandikwa pia. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa ya aliyeiagiza isipokuwa kama wahusika wamekubaliana vingine. Lakini hilo halimzuii mpiga picha kubaki na nakala katika simu yake na kuzionyesha kwa mteja mwingine kama mfano wa kazi yake. Ni heri mkataba useme nakala zitafutwa lini. Anayetaka kutumia ndege ndogo isiyo na rubani kupiga uwanja kutoka angani anahitaji kuwa na chombo kilichosajiliwa na kibali cha mamlaka ya safari za ndege, kulingana na kanuni za 2020, na kukumbuka kwamba kamera hiyo itaona pia nyua za majirani.

Hata idhini iliyoandikwa vizuri si ya milele. Sheria inamruhusu mzazi kuiondoa wakati wowote, na watoto huhama. Si ajabu kukuta bango la chekechea lenye sura ya mtoto ambaye sasa yuko Gredi ya 6 katika shule nyingine, na wenzake humtania kila wanapopita barabara hiyo. Picha ya mtandaoni inaweza kuondolewa kwa dakika moja, ingawa nakala zilizokwisha kusambazwa hazirudi. Bango la plastiki lililoning'inizwa juu ya lango, au picha iliyochapwa ubavuni mwa gari la shule, hudumu miaka na huondolewa kwa gharama. Kwa sababu hiyo baadhi ya wenye shule sasa huchagua picha ya uwanja usio na mtoto kwa bango la langoni, bembea na mti wake, na picha zenye watoto walioruhusiwa huziweka mahali zinapoweza kubadilishwa kila Januari, wakati orodha mpya ya wanafunzi inapopigwa chapa na fomu za idhini zinapotiwa sahihi upya.